Tozo ya Nyumba: Anayekatwa Siye Anayehamia

Karani wa Nairobi anayelipwa shilingi 30,000 ana mstari mmoja kwenye hati ya mshahara unaomkera kuliko mingine: tozo ya nyumba, makato ya asilimia 1.5 ya kujengea nyumba za bei nafuu, shilingi 450. Mwajiri naye hutoa 450 nyingine. Muulize nyumba yenyewe iko wapi, atacheka.

Kisheria hana anachodai. Mswada wa Fedha wa 2023 ulipoletwa, makato hayo yalikuwa akiba. Asiyepata nyumba angerudishiwa baada ya miaka saba. Bungeni yakageuzwa kuwa tozo, na tozo hairudi. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliifuta, ikisema miongoni mwa mengine kwamba kuwakamua wenye ajira rasmi peke yao ni ubaguzi. Machi 2024 ikarejea na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, safari hii ikimgusa kila mwenye kipato. Kwenye karatasi, yaani. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira Kenya ni za jua kali, yaani zisizo rasmi, na mama mboga hana mhasibu wa kumkata asilimia 1.5 kila mwisho wa mwezi.

Lakini wanaotaka soko liachiwe kazi ya kujenga nyumba watueleze limemfanyia nini mkazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50 ina mikopo ya nyumba kama 30,000 tu benki zote zikijumlishwa. Mukuru mtu hulipia chumba cha mabati, choo cha kuchangia na maji ya mtungi ambayo, lita kwa lita, ni ghali kuliko ya bomba la Lavington, mtaa wa matajiri. Mei 2025 familia za kwanza zilikabidhiwa funguo za ghorofa papo hapo Mukuru. Hilo si dogo.

Hofu yangu ni mwezi wa nne au wa tano baada ya kuhamia. Baadhi ya wakazi wa mabanda ya Kibera walipohamishiwa ghorofa za Lang'ata mwaka 2009, wapo waliopangisha vyumba vyao na kurudi kwenye mabati; kodi ile ilikuwa chakula. Anayepata shilingi 800 leo na kesho patupu atamalizaje malipo ya kila mwezi ya kununua nyumba kwa miaka mingi?

Mimi ningeiacha tozo, ila sehemu kubwa ijenge nyumba za kupangisha, zisizouzwa. Nairobi ilishafanya hivyo: mtaa wa Kaloleni, miaka ya 1940. Tatizo ni kwamba kodi ya Kaloleni ilikusanywa na ukarabati ukasahauliwa, hadi leo wapangaji wanakinga mvua kwa karai. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya pendekezo langu.