Kakatwa maksi kwa kumdharau mpinzani

Binti yangu yuko gredi ya saba hapa Ohio, wiki hii kaleta esei yao imesahihishwa. Walitakiwa wachague kitu, waseme ni kizuri au kibaya, wataje wamekipima kwa vigezo gani, halafu waandike na anayepinga angesema nini. Yeye kaponda chakula cha kantini: ladha, kushibisha, muda wa kula. Safi kabisa. Kufika upande wa pili kaandika "wanaokisifia hawajawahi kula chakula kizuri," basi, kamaliza. Mwalimu kakata maksi hapo hapo, pembeni kaandika: mpe mpinzani wako hoja yake kali kuliko zote, ndo umjibu. Nilicheka sana, manake kwetu sentensi ile ile ndo ingepigiwa meza.

Wabongo wenzangu mdahalo mnaujua. Mwalimu ni bora kuliko daktari. Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wapinzani wangu mliopotoka... Unapangiwa upande kabla hujajua mwenyewe unaamini nini, na kazi yako ni kumchakaza mwenzio mpaka darasa zima lipige makofi. Sikatai, ulitujenga, leo kwenye vikao vya kazini naongea bila karatasi wakati wazawa wenye Kiingereza chao wanatetemeka, na hilo najivunia. Ila hakuna siku mtu alituuliza "bora" kwa kipimo gani, mshahara au kuhitajika na jamii au nini, kila mtu na kipimo chake kichwani, tukabishana saa nzima bila kukutana popote.

Halafu uje kwenye mtihani wa fasihi. "Thibitisha kauli hii kwa kutoa hoja tatu kutoka katika kila kitabu." Kauli umeletewa imeshaiva, we thibitisha tu. Na msiniambie mbona kuna maswali ya "jadili", tunajuana bana, jadili tuliijibu kwa hoja sita zote za kukubali.

Huku majimbo mengi yalipokea viwango vya pamoja vya masomo (Common Core) kuanzia 2010, na jambo hili wamelipanga kwa ngazi. Chekechea mtoto anasema kitabu gani anakipenda, gredi ya kwanza anaambiwa aseme na sababu. Gredi ya saba lazima atambue dai la upande wa pili. Akifika gredi ya tisa na ya kumi anatakiwa atoe ushahidi wa pande zote mbili, aonyeshe kila upande una nguvu wapi na unapwaya wapi.

Haya, najua mmeshaanza. Katoka Mbagala juzi tu keshatuona washamba. Mwalimu mwenye mikondo minne ya watoto themanini themanini aya za hoja pinzani atazisahihisha saa ngapi? Hapo mna haki, mwalimu simlaumu hata kidogo, hoja tatu zilizo kwenye mwongozo zinatikika haraka, mawazo ya mtoto hayatikiki. Mwingine atasema Wamarekani wenyewe mbona kwenye TV wanapigiana kelele tu? Kweli, kufundishwa si kushika, na watoto wao wengi wanaandika kwa fomula, "baadhi ya watu husema, hata hivyo," wanahukumu vitu ambavyo hawajawahi hata kuviona, inakera. Na wa tatu, huyu namjua atakuwa shangazi, atasema ndo maana watoto wenu wanajibizana na wazazi. Wanajibizana, shangazi. Huyu wangu anadai simu kwa vigezo na anataja kabisa mimi nitapinga kwa lipi.

Kinachoniuma ni kwamba uwezo tunao. Nenda kijiweni Jumatatu baada ya Simba na Yanga, kijana anakwambia kiungo yupi bora, kwa pasi, kwa kukaba, kwa mechi kubwa, anataja na dakika, na akibanwa anakubali "sawa huyo wenu mashuti anayo, ila..." Hiyo ila yake ndo huku mwalimu anaitafuta. Kijana huyo huyo mpe karatasi ya mtihani, anakuandikia hoja ya kwanza hoja ya pili kama kasuku.

Kwa hiyo kabla hujaniandikia kwamba nadharau nyumbani, nitajie swali moja la fasihi la fomu foo ambalo ulijibu kwamba kauli yenyewe si kweli na ukapewa maksi zako. Moja tu, nitakuomba radhi hapa hapa.