Tahadhari imetolewa, lakini imemfikia nani?

Dharura ya kiafya ikiisha, ripoti hujaa hesabu za kilichotumwa: SMS kiasi gani, matangazo ya redio mara ngapi kwa siku, mabango maelfu mangapi. Ni nadra kukuta ukurasa unaosema ni wazee wangapi wasiojua kusoma walioelewa walichoambiwa, au viziwi wangapi walijua wakimbilie wapi.

Wapo wanaoshikilia kwamba wakati wa hatari ujumbe uwe mmoja, mfupi, utoke sehemu moja, uwafikie wote kwa pamoja. Wana hoja. Tsunami ikishaanza safari ya kuja pwani, hakuna mtu wa kupita mlango kwa mlango. Tahadhari inayorushwa na minara hadi kwenye kila simu iliyo eneo la hatari huokoa watu kwa dakika. Isitoshe, ujumbe mmoja ukitolewa kwa namna ishirini, mbili tatu zitapingana, na uvumi utapata pa kuingilia. Hayo nayakubali. Ninachokataa ni hitimisho lake la kimyakimya: kwamba lugha za wenyeji, lugha ya alama na kutembelea watu majumbani ni mambo ya ziada, ya kufanywa fedha zikibaki.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuutazama mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ukaenea hadi Ituri. Ulipomalizika Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Maelezo mengi ya awali yalitolewa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu, na katika makaratasi ya mpango suala la lugha likaonekana limekwisha. Shirika la wafasiri la Translators without Borders lilipowauliza wenyeji, wengi walisema lugha ile inawatatiza. Walitaka Kiswahili wanachozungumza wao, au Kinande, lugha ya wenyeji wa huko.

Hata palipo na Kiswahili kimoja, neno linaweza kumgeuka aliyelisema. Chukua “mshukiwa”. Kwa daktari ni mtu mwenye dalili ambaye hajapimwa. Mwenye kuitwa hivyo analijua neno hilo kutoka polisi. Chukua “kutengwa”. Kwa mhudumu wa afya ni kulazwa katika chumba cha peke yako ili usiambukize wengine. Lakini kijijini, anayetengwa ni aliyekosea jamii, na adhabu yake ni kutosalimiwa. Mwambie mama kwamba mwanawe ni mshukiwa na atatengwa, kisha ushangae kwa nini amemficha uvunguni.

Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo, huko huko Kivu Kaskazini. Asilimia 25.5 hawakuamini kwamba Ebola ipo, na waliokuwa na imani na mamlaka za eneo lao walikuwa asilimia 31.9 tu. Hiyo robo hainitoki akilini. Katika kila watu wazima wanne, mmoja haamini, na pengine ndiye anayeamua kama mtoto mwenye homa apelekwe kituoni au abaki nyumbani. Hukosi kumfikia mtu huyu kwa sababu hana redio. Ameshausikia ujumbe, akaukataa. Anaishi mahali ambapo raia wameuawa kwa miaka na ulinzi haukuja, lakini ugonjwa ulipoingia magari yakafika kwa misururu. Desemba mwaka huohuo uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu zilizotolewa, na rais akapatikana bila kura zao. Ukiongeza sauti ya kipaza sauti mbele ya mtu huyo, unamthibitishia tu anachokihofia.

Hoja ya kwamba njia ya watu kwa watu ni ya polepole inajibiwa na Bangladesh. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Kuanzia 1972 ikajengwa kazi ya watu wa kujitolea: majirani wenye bendera na vipaza sauti, wanaojua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua zaidi ya 3,000. Bado ni msiba, na maboma ya kujihifadhi yana sehemu yake katika tofauti hiyo. Ila jirani huyo hupita nyumba kwa nyumba kwa saa chache kwa sababu kufahamiana kulishafanyika miaka ya utulivu.

Kinyume chake ni Florida, Septemba 2017, kimbunga Irma kikija. Katika kaunti ya Manatee, afisa alisimama mbele ya kamera na mkalimani wa lugha ya alama pembeni yake. Kwa anayesikia, kila kitu kilikuwa sawa. Viziwi waliona mikono ikitaja pizza na mazimwi, kwa kuwa mkalimani hakuwa na ujuzi wa kazi ile. Walikuwa wakiambiwa wahame.

Gharama ndiyo hoja ngumu kuliko zote, maana fedha huja mlipuko ukishatangazwa na huondoka ukiisha. Wakalimani huajiriwa watu wakiwa wameshaanza kuzikwa. Februari 2021 Ebola ilirudi eneo la Butembo. Safari hii wahudumu wa palepale, waliopata mafunzo katika mlipuko uliotangulia, walikuwa kazini tangu siku za mwanzo. Chanjo ilikuwepo, lakini hata 2018 ilikuwepo. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Mei 3, ukiwa na wagonjwa 12, sita kati yao wakiwa wamefariki.