Papa Mkubwa na Asilimia 40

Leo nimerudishiwa simu ikiwa na asilimia 40, ndugu zangu. Arobaini! Jirani kaichomoa kwa mkono wake mwenyewe, akanipa na pongezi.

Umeme wetu wa Goma mnaujua. Kwangu giza, kwake taa inawaka mpaka chooni, mchana.

Nilibisha hodi kwa heshima zote, shati limechomekwa, nikamwita Papa Mkubwa. Akaichomeka simu, nikakaa. Mama akachungulia toka jikoni, akaniona, akarudi ndani na kifuniko cha sufuria mkononi. Sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, zilikuwa zinakaangwa, harufu inafika mtaa wa Birere. Tukaongea mvua. Mvua ikaisha, tukapanda Nyiragongo: yeye akaanza na 2002, lava inapita katikati ya mji hadi ziwani, mimi nikajibu na 2021, tunakimbilia Sake na magodoro kichwani. Volkano mbili zimelipuka pale sebuleni, sambaza bado hazijatoka! Mtoto akaja: “Papa, mama anauliza mgeni anaenda saa ngapi.” Papa akacheka. Nami nikacheka. Mtoto hakucheka, njaa ilikuwa imemshika. Papa akainuka, akasoma mita, akaitazama simu yangu, akasoma mita tena.

“Kijana, betri yako inakunywa sana.”

Sasa huyu nimwiteje? Bahili, hapana. Bahili hata mwenyewe hajipi. Yule mwenye duka wetu, ndala zimeshonwa kwa waya na dola ziko chini ya godoro, huyo ndiye bahili, na namheshimu: anaumia pamoja nasi. Mchoyo? Kwa sambaza, ndiyo, bila rufaa. Mnyimivu? Hakuninyima, alinipimia! Wengine watasema mkono wa birika, lakini birika tunalionea bure. Ukiliinamisha, chai inatoka.

Shemeji yangu yeye hutoa, ila msibani tu, jina likisomwa kwa sauti.

Na msinianzishie habari ya kambisti, mbadilisha pesa, aliyekataa noti yangu ya dola 5 kwa tundu ambalo hata sisimizi hapiti. Wala ya huyu kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliyeniletea bidoni za maji akadai bei ya mlima. Mlima gani? Mtaa wetu umelala tambarare, mpira ukiuweka chini haubiringiki!

Kijana akanijibu: “Papa, haya mawe ya lava ni mlima uliolala.”

Nikakosa jibu. Nikalipa.