Zinafutika, Lakini Anayefuta Ni Nani?

Kuna watu humu Nairobi wakisikia kitu kinafutika, wanadhani mambo yamekwisha. Hakuna kitu kinachojifuta. Kikifutika, ujue kuna mtu mahali ameinama, ameshika kitambaa, jasho linamtoka. Na katika nyumba yangu, tangu ziingie krayoni za ubao mweupe, mtu huyo namjua vizuri, hata viatu vyake najua ni namba ngapi.

Sina ugomvi na elimu. Tangu mtaala wa umilisi uenezwe nchi nzima mwaka wa 2019, mzazi wa Kenya naye amerudishwa darasani, na mimi nimekubali yaishe. Nasimama ndani ya matatu kutoka mjini hadi Umoja, makanga ananiambia nisonge nyuma, nyuma kwenyewe kumejaa marobota ya mtu aliyetoka soko la mitumba la Gikomba. Nafika nyumbani sijavua hata koti, naambiwa, "Baba, mwalimu amesema tuchore mmea na sehemu zake." Tuchore, sisi wawili. Nachora. Boi, mwanangu, anaangalia, anatikisa kichwa, ananiambia mizizi aliyochora babake rafiki yake ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Kazi hiyo tunaifanyia kwenye ubao mweupe mdogo ulioning'inizwa sebuleni, na kwa muda mrefu tuliuandikia kwa makapeni. Makapeni ni nzuri, shida yake ni kifuniko. Wino wake umetiwa kemikali ya jamii ya spiriti inayopaa haraka hewani. Ndiyo maana andiko linakauka papo hapo, na ndiyo maana ukiiacha wazi usiku, asubuhi unaokota maiti. Sasa mwambie mtoto wa PP2, yaani wa chekechea, afunike kitu. Dadake Boi tangu azaliwe hajafunika chochote: hafuniki makapeni, hafuniki sukari, hafuniki choo. Nimenunua makapeni mpaka muuza vitabu wa pale stejini akaanza kuniita mwalimu. Mimi nauza vipuri vya pikipiki.

Basi Jumamosi moja Mama Boi akarudi kutoka River Road na kisanduku, uso unang'aa. "Baba Boi, shida imeisha. Krayoni za ubao mweupe. Zinafutika." Akakifungua. Ndani mlikuwa na krayoni nono za rangi mbalimbali, kichongeo, na glovu ya kitambaa ya kufutia. Krayoni wakapewa watoto. Kichongeo akakiweka mkobani mwake. Glovu ikaletwa kwangu, na ikanitosha barabara.

Niseme ukweli, maana kulalamika bila haki ni dhambi. Krayoni hizi ni nta, si wino. Hazina kifuniko cha kupotea, hazikauki zikiachwa wazi, na hazina ile harufu ya makapeni inayokufanya uone nyota ukiisahihisha hesabu ya kugawanya. Mtoto akijichora shavuni, anaoshwa kwa maji na sabuni, yameisha. Krayoni zenyewe si jambo geni duniani. Kule Marekani kampuni ya Binney & Smith ilianza kuuza Crayola mwaka wa 1903, sanduku la rangi 8 kwa senti 5. Senti 5! Leo hii makanga akibaki na shilingi tano yako na ukamdai, abiria wote wanakugeukia wewe.

Tukazijaribu. Nyeusi ikaandika, ya buluu ikaandika, nyekundu ikaandika kwa madaha. Ya njano iliandika, lakini ilichoandika ni siri kati yake na Mungu. Juu ya ubao mweupe huoni kitu mpaka uinamishe kichwa ukiegemea dirishani. Sijui nani alikaa kwenye mkutano akasema ubao mweupe unahitaji njano. Ila ndiyo ambayo Boi huchagua akiulizwa swali asilojua jibu lake. "Nimeandika, Baba, ni macho yako."

Kisha tukafika penye kufuta. Andiko bichi linatoka kwa kitambaa kikavu, hapo sitamsingizia mtu. Lililolala usiku mmoja linataka ubonyeze. Lililokaa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi linataka kitambaa chenye maji kidogo, halafu kikavu, halafu bega la mtu aliyekula akashiba. Na ubao wetu ni wa bei ya chini, wa melamini. Ukizeeka uso wake unapata vitundu visivyoonekana kwa macho na rangi inajificha humo. Kwa hiyo siku hizi ukiangalia vizuri chini ya "sehemu za mmea" unasoma "wanyama wa nyumbani", na chini ya wanyama kuna ile picha ya "familia yangu", ambamo mimi nimechorwa mdogo kuliko televisheni. Nimesugua kila mahali. Hapo pekee ndipo hapatoki.

Walisema pia hakuna vumbi la chaki. Kweli, hakuna. Kuna makombo ya nta. Yanang'ang'ania kitambaa, yanang'ang'ania zulia, unayakanyaga ukienda jikoni unayapeleka kwenye vigae. Glovu nayo ikishashiba nta haifuti tena, inapaka. Unapitisha mkono juu ya ubao, unaacha wingu la zambarau. Basi glovu yenyewe inahitaji kufuliwa, na sitasema anayeifua ni nani. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, nta inakuwa ngumu, unaandika neno moja mara mbili ndipo lionekane. Februari jua likipiga, ukikisahau kisanduku dirishani, zinalegea, mtoto akibonyeza inakatika. Vipande viwili vinazaliwa, na vita vya kugawana vinaanza.

Haya yote ningeyavumilia kama Mama Boi hangesoma mgongo wa sanduku. Aligundua kuwa zinaandika hata kwenye glasi. Ndugu zangu, tangu siku ile kioo cha bafuni si kioo tena. Naamka asubuhi kunyoa ndevu, sijioni. Naona "UNGA". Naona "GESI IMEBAKI KIDOGO". Kidevu changu kiko nyuma ya "TOKENI ZA STIMA", na paji la uso limefunikwa na "PESA YA CHAMA – USIJIFANYE HUJAONA". Zamani orodha hizi zilikuwa kwenye karatasi, na karatasi mtu mzima anajua kuipoteza. Kioo utakipotezea wapi? Nikifuta kabla ya kununua naulizwa nani amefuta. Nikinunua bila kufuta naulizwa kama sina mikono. Nimeshajikata shavu nikinyoa kwa kukisia.

Ukuta ndio ulituletea wageni. Ukuta wa nyumba ya kupanga humu mjini si ukuta, ni dipoziti iliyosimama wima. Wetu umepakwa rangi ya maji, ile ya bei ya landilodi, na haina utelezi. Nta ikipakwa juu yake inazama. Boi akachora barabara yote kutoka mlangoni hadi kabatini, na matatu zake, na trafiki amesimama ananyoosha mkono. Nilipopaza sauti akanijibu taratibu, "Baba, wameandika zinafutika." Huyu ni mtoto ambaye mwalimu wake ametuandikia kwamba hapendi kusoma.

Majirani wakaja na dawa. Mmoja akasema dawa ya meno. Dawa ya meno ilitoa nta kiasi na ikatoa rangi ya nyumba kiasi, sasa trafiki amesimama kwenye ukungu. Mwingine akasema weka karatasi ya shashi, pitisha pasi yenye moto wa wastani, nta itayeyuka iingie kwenye karatasi. Ikaingia kweli, tukafurahi, na stima ikapotea. Wa tatu akasema mafuta ya taa, lakini huyo kila ugonjwa anautibu kwa mafuta ya taa.

Shemeji yangu, kaka yake Mama Boi, ni mwalimu wa gredi ya tatu katika shule moja upande huu wetu wa Eastlands. Huja Jumapili kutusalimu chakula kikiwa karibu kuiva. Akaziona, akaomba achukue chache akazijaribu darasani. "Shemeji, ni za wanafunzi," akaniambia, na mtu akishakuambia kitu ni cha wanafunzi utakatalia wapi? Ana watoto zaidi ya sitini mle ndani. Jumapili iliyofuata akaleta ripoti huku akiongeza sukuma.

Kwenye ubao mkubwa, alisema, usijisumbue. Mstari wake ni mwembamba, mwanga wa dirisha unapiga ubao, walio nyuma wanaona mwalimu anapunga mkono tu. Halafu somo moja refu linamaliza nusu krayoni. Pale chaki bado ni mfalme, pamoja na kikohozi chake. Lakini alinunua karatasi za manila, akazikata, akazipeleka saiba, duka la kompyuta, zikafunikwa plastiki, kila watoto wawili wakapata kibao chao. Anauliza saba mara nane, vibao vyote vinainuka pamoja. Anaona palepale nani anajua, nani hajui, na nani amegeuza shingo kwa jirani. Hakuna daftari linaloisha. Aliyekosea anafuta bila kuraruka kwa karatasi na bila kuchekwa kwa muda mrefu. Hata mimi niliyekuwa nimekunja uso nilikiri hapo ametumia akili. Ushauri wake kwa mwalimu yeyote ni ajaribu kona moja ya plastiki kwanza, aone kama inatoka, kabla hajagawa vibao darasa zima.

Nikamuuliza, "Na wanafuta kwa kutumia nini?"

Akatafuna kwanza. "Sweta."

Mikono ya sweta, watoto zaidi ya sitini. Kwa hivyo kuna akina mama zaidi ya sitini Eastlands wanaosugua sweta kila jioni bila kujua kwamba adui yao yuko kwangu anakula ugali. Nilitaka kuwapigia simu tuunde chama.

Habari za ukuta zikamfikia keretaka, msimamizi wa ploti yetu. Akapanda ngazi akiwa ameshavimba, akaangalia ile barabara ya Boi, akaanza hotuba ya dipoziti. Katikati ya hotuba akaiona krayoni nyeusi juu ya meza, akauliza ni nini. Boi, ambaye hana uaminifu kwa babake, akamwonyesha kwenye kioo cha dirisha: unaandika, unafuta, unaandika tena. Yule bwana akanyamaza kabisa. Akaomba mbili, nyeusi na nyekundu, na mambo ya ukuta yakasahaulika.

Nilidhani nimehonga vizuri. Kumbe nimempa mtu serikali. Sasa dirisha la kibanda chake pale getini ndilo gazeti la ploti. "MAJI YATATOKA JUMANNE." Jumanne ikifika bila tone, anafuta "Jumanne" peke yake, anaandika "Ijumaa", na maneno mengine yanabaki vilevile. Zamani alilazimika kutafuta karatasi mpya kila akitudanganya. Sasa ni kupangusa tu. Ploti nzima inakubali kwamba hajawahi kufanya kazi kwa bidii hivyo.

Kisha tarehe 5 ikapita, mshahara wangu ukiwa bado unatembea kwa miguu. Asubuhi nikapita getini nikakuta orodha mpya, kwa rangi nyekundu: nyumba ambazo hazijalipa kodi, namba ya mlango na kiasi. Yangu ilikuwa ya kwanza. Watoto wa shule wanasimama wanasoma. Mama wa mboga anasoma. Boi alisoma kwa sauti, bila kukwama hata neno moja, na akanikumbusha jioni kwamba mwalimu wake angefurahi.

Nikavumilia hadi usiku, keretaka alipokwenda kutazama mpira. Nikachukua glovu yangu nikashuka ngazi bila kuwasha taa ya simu. Nikaanza kusugua. Andiko lilikuwa limekaa tangu asubuhi, linatoka kwa shida, na kioo kinalia kwii, kwii, mpaka mbwa wa ploti ya pili akaitikia. Mara nikasikia nyayo. Nikageuka, nikamwona jirani wa ghorofa ya tatu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hutuombea tukihama na tukihamia. Mkononi ana kitambaa kinachodondosha maji.

Tukaangaliana. Nikaangalia orodha: namba yake ilikuwa ya nne.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina," akajibu, akanisogelea na kushusha sauti. "Kavu haitoi, jirani. Shika hiki cha maji. Anza na yangu."