Filamu 12 kwa Shilingi 6,000

Mwezi uliopita nilipelekwa likizo kwa nguvu. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi siku 28 za mapumziko kwa mwaka, nami kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa nikizikwepa, kwa kuwa mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na ninajua fika kwamba mtunza stoo akiondoka, misumari nayo huondoka. Bosi hakutaka kunisikiliza. Alinikabidhi barua, akachukua funguo, akanitakia mapumziko mema kwa sauti ya mtu anayefukuza paka jikoni.

Kwetu ni Masasi, lakini nauli ya familia nzima pamoja na zawadi za shangazi saba ingenilazimu kukopa, kwa hiyo niliamua kupumzikia sebuleni hapa hapa Tandika. Nilikwenda kwenye kibanda cha kijana mmoja karibu na kituo cha daladala, ambaye huwawekea watu filamu kwenye flashi kwa shilingi 500 kila moja, nikaagiza 12. Orodha niliiandika kwa mkono, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni, nikamtaka aisaini. Aliisaini huku akicheka, akisema kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mzee anayenunua Anodi kwa hati.

Nilianza na huyo Anodi mwenyewe, yaani Arnold Schwarzenegger, katika Commando ya mwaka 1985, ambayo niliitazama mara ya kwanza utotoni nikiwa nimekalia tofali katika banda umiza la mtaani. Siku ile niliona mambo mawili tu, misuli na moto. Safari hii nimeitazama kwa macho ya mtu mwenye leja, na ninasikitika kusema kwamba steringi wetu ni mwizi wa stoo. Binti yake ametekwa, saa alizobakiwa nazo ni 11 tu, sawa, mzazi yeyote angechanganyikiwa. Lakini ndiyo sababu ya kuingia kwenye duka la vifaa vya kijeshi kwa katapila, kupitia ukutani, kisha kujaza bunduki na mabomu kwenye toroli kama mtu aliyekwenda kununua unga na sabuni? Hakuna hati ya kutolea mali wala saini, na hata kikaratasi cha kusema nitarudisha hakukiacha. Polisi walipomkamata, mke wangu, mama Zuhura, alimhurumia Anodi. Mimi nilimhurumia mtunza stoo wa duka lile, ambaye filamu haimwonyeshi kabisa, lakini ninajua kwamba asubuhi yake alifika kazini na chupa yake ya chai, akakuta ukuta haupo, na hadi leo anaandika barua ya kujieleza.

Baadaye Anodi anajificha katika kibanda cha zana za bustani, anazingirwa na askari, basi anaanza kuwarushia visahani vya msumeno. Nilifumba macho. Visahani vile sisi tunavifungia kabatini kwa ajili ya bei yake, na yeye anavirusha kama mtu anayegawa sahani za pilau kwenye shughuli, wala hakurudi kuokota hata kimoja.

Titanic niliagiza iliyotafsiriwa, na hilo ni kosa langu. Filamu yenyewe ya mwaka 1997 ina saa tatu na zaidi, tena ilipata Oscar 11, kwa hiyo mtu angetarajia kwamba mtafsiri angeiachia nafasi ya kupumua. Mtafsiri huyu ana kipaji, sikatai, na pale meli ilipokwaruzwa na barafu alisema kwamba nahodha wa namna ile angepewa panton la Kigamboni asingefika ng'ambo, nikacheka mpaka chai ikanipalia. Tatizo ni kwamba meli ilipokatika vipande viwili, watu wakining'inia na wengine wakiporomoka, yeye ndipo alipoona wakati mwafaka wa kutangaza namba yake ya simu, saa za kufungua ofisi, na kwamba anatengeneza pia ving'amuzi. Mama Zuhura, ambaye alikuwa ameshashika kitambaa cha machozi, aliniuliza kama kile chetu kinachokatakata picha tungempelekea.

Lakini hata mtafsiri hakuweza kunificha jambo lililoniuma. Meli ile ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na boti za kuokolea 20, zenye nafasi ya watu 1,178. Nilisimamisha filamu nikatoa hesabu hiyo nyuma ya bahasha ya barua yangu ya likizo, ili familia ielewe. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilitazama uzito wa meli badala ya kuhesabu vichwa vya watu, na kwa sheria hiyo boti 16 zilitosha, hivyo wenye meli waliondoka Southampton mwezi wa Aprili 1912 wakijiona wamezidisha. Halafu kuna darubini. Walinzi wa mlingotini hawakuwa nazo, na katika historia ya kweli inaelezwa kwamba ofisa mmoja aliyeondolewa melini kabla tu ya safari aliondoka na ufunguo wa kabati la darubini mfukoni. Nilikaa kimya muda mrefu. Siku bosi aliponinyang'anya funguo niliona ni dharau. Sasa ninakiri kwamba kumbe alikuwa anaiepusha meli na barafu.

Kuhusu ule mlango uliombeba Rose huku mpenzi wake Jack akiganda majini, dunia nzima inabishana kama ungewatosha wawili, na kila mwenye maoni ameshayatoa isipokuwa mtu anayeuza milango. Mimi ninauza milango, makomeo na bawaba (bawaba ninaziuza moja moja, si kwa jozi, jambo ambalo limewahi kunigombanisha na wateja wasiopenda kuuliza). Basi nasema hivi: walijaribu kuupanda mara moja tu, ukayumba, wakaacha. Mara moja! Mlango ukigoma mara ya kwanza unageuzwa upande, ukigoma tena unapigwa randa kidogo, na hakuna fundi hata mmoja Tandika nzima ambaye angemwambia mteja kwamba kwa kuwa umegoma mara moja, yeye abaki nje afe kwa baridi. Na Rose huyo huyo, sasa ni bibi, baada ya miaka 84, anatoa kito cha almasi ambacho watu wazima wamekitafuta chini ya bahari kwa mitambo ya fedha nyingi, anakitumbukiza majini, kisha anakwenda kulala. Mama Zuhura alisema hayo ni mapenzi. Kwenye leja yangu safu ya mapenzi haipo. Ipo ya upotevu.

Zilifuata filamu kadhaa za hapa nyumbani ambazo sitazitaja, maana zote zilikuwa sebule moja. Kochi ni lile lile, pazia ni lile lile, na mwanamume anaingia, anakaa, anapiga simu, anasimama, anatoka, gari linarudi nyuma kwa dakika nzima hadi litoke getini, na unapofikiri sasa jambo litatokea, yanaandikwa maneno kwamba tukutane sehemu ya pili.

Filamu iliyonishinda nguvu ni Cast Away ya mwaka 2000. Tom Hanks ni mfanyakazi wa kampuni ya kusafirisha vifurushi, ndege inaanguka baharini, anabaki peke yake kisiwani kwa miaka minne, na mawimbi yanamletea vifurushi vya wateja ufukweni. Mtu mwingine angevipasua siku ile ile. Yeye kwanza anavikusanya na kuvipanga! Nilimwonyesha mama Zuhura kwa kidole, nikamwambia, tazama, huyo ni mwenzangu. Baadaye njaa na dhiki zinamlazimisha avifungue, na hapo sikumlaumu, kwa sababu alivitumia kwa adabu: viatu vya kutelezea kwenye barafu alivigeuza kisu, tena kimojawapo alikitumia kung'oa jino, kanda za video akasokota kamba, na mpira wa wavu akauchora uso akaupa jina la Wilson, akawa anazungumza nao. Kifurushi kimoja hakukigusa, chenye picha ya mabawa. Alikitunza miaka yote ile, akatoroka nacho kwa boya la magogo, na aliporudi kwao akaendesha gari mwenyewe mpaka nyumbani kwa mteja kukikabidhi.

Wilson alipochukuliwa na maji nililia. Mama Zuhura alikuwa anakata vitunguu, hivyo nilisogea karibu naye ili nipate kisingizio, lakini Zuhura alishaniona. Jambo moja tu sikulipenda: mteja hakuwepo nyumbani, naye akakiacha kifurushi mlangoni na kijibarua. Miaka minne ya uaminifu, halafu unauacha mzigo bila saini ya mpokeaji?

Oppenheimer ya mwaka 2023, kuhusu mtaalamu wa bomu la nyuklia, ina saa tatu za wanaume wanaoongea vyumbani, na sitadanganya kwamba nilikuwa macho muda wote. Nilikuwa macho walipokuwa wakitumbukiza gololi kwenye vyombo vya kioo kuonyesha ni kiasi gani cha urani na plutoni kilichokwisha kupatikana, kwa maana ile ni kadi ya stoo kabisa, tena safi, ambayo hata bosi wangu angeielewa. Niliamshwa tena na ukimya wa lile jaribio la Julai 1945, maana mlipuko unaonekana kwanza na sauti inachelewa kufika, na katika ukimya huo nilijisikia mwenyewe nikikoroma. Baada ya hapo bomu linafungwa kwenye makasha, linapakiwa kwenye lori, na mtaalamu aliyelitengeneza anabaki amesimama anatazama vumbi, akitumaini kwamba watamjulisha. Nilitamani kumshika bega. Mali ikishatoka getini, ndugu yangu, hukumbukwi tena mpaka siku ya kutafutwa mwenye kosa.

Vuta N'Kuvute nilitaka niitazame kwa utulivu, nikakosa. Filamu hiyo ya Amil Shivji ilitoka mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na ni ya Kiswahili, kwa hiyo hapakuwa na mtafsiri wa kutangaza ving'amuzi. Badala yake nilipata watafsiri wawili. Zuhura aliisoma riwaya hiyo kidato cha tano, na kila tukio lilipopita alisema kitabuni haikuwa hivyo. Mama mkwe wangu naye, mzaliwa wa Ng'ambo kule Unguja, alikuwa amekuja kwetu kutibiwa goti, na heshima ilinilazimu nimpishe kiti kinachoitazama runinga, nami nikae pembeni kwenye stuli, miguu nimeikusanya, nikiiona filamu kwa ubavu kama mtu anayesoma gazeti la jirani kwenye daladala.

Hakuitazama hadithi hata kidogo. Yasmin anamtoroka mume aliyeozeshwa, anakutana na Denge anayepambana na utawala wa Waingereza, mapenzi yanawaka, hatari inakaribia, na mama anasema, "Uchochoro huo mimi nimepita na ndoo ya maji." Denge yumo hatarini, mama anataka turudishe nyuma kwa sababu ameona baraza ambayo anadhani ni ya kwa shangazi yake. Tulirudisha mara nne. Mara ya nne hakusema neno, akavuta ukaya wake akajifuta, na hata Zuhura akanyamaza kuhusu kitabu. Basi luku ikakata, na aliyesahau kununua umeme ni mimi, sina wa kumlaumu. Mwisho wake niliutazama siku ya pili peke yangu, nikiwa nimekalia kiti chenyewe, na bado nilijikuta nikisubiri mtu aniambie baraza ile ni ya nani.

Siku ya 20 ya likizo nilifanya ukaguzi. Orodha yangu ilisema filamu 12, nami nilikuwa nimetazama 11. Iliyokosekana ni ile ya Kihindi ya mama Zuhura, aliyokuwa akiiuliza kila jioni kwa upole ambao waliooa wanaufahamu. Nilichukua flashi na nakala yangu ya kaboni nikaenda kibandani.

"Shikamoo mzee," kijana aliniamkia, akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake na kuhesabu kwa sauti. Zilikuwa 12 kweli. Nilisogelea kioo. Titanic A. Titanic B.

"Hiyo ni filamu moja!" nilimwambia.

"Zimo mbili, mzee. Kila moja inafunguka kivyake."

Nilimweleza kwa kirefu tofauti ya katoni na vilivyomo ndani ya katoni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba mwaka jana alikuja dukani kwetu Gerezani kununua bawaba za mlango wa kibanda hiki, akalipa akidhani bei ni ya jozi, na akaniomba nikumbuke mwenyewe nilimjibu nini dirishani.

Niligeuka nikautazama mlango wake. Juu ulishikwa na bawaba moja, yetu, ninaijua rangi yake. Chini alikuwa ameufunga kwa kipande cha tairi.