Nimemaliza Zote

Kwa kuwa kuna mtu, tumwite Msaliti, ameshawaambia kwamba niliahidi elfu sitini kwenye kamati ya mazishi kisha nikatoroka kupitia dirisha la choo, naomba na mimi nisikizwe. Kwanza, lile banda halina dirisha. Halina hata ukuta, ni nguzo na paa la nyasi. Pili, ile ahadi sikuitoa mimi. Ilitoka yenyewe, kwa Kiswahili sanifu kabisa.

Mnajua tangu Machi niko kwenye kundi la kusoma vitabu hapa Kisumu. Nasema "niko" lakini nilikuwa naandika tu kwenye WhatsApp, maandishi marefu ya saa sita usiku, kikao chenyewe sijawahi kukanyaga. Wenzangu hukutana Dunga, pale unapokula ngege ukitazama ziwa, au ukitazama gugumaji, inategemea upepo umelisukumia wapi siku hiyo.

Kitabu cha mwezi kilikuwa The River and the Source cha Margaret Ogola. Wengi wenu mlikisoma shuleni kwa kuogopa mtihani. Darasa letu lilipewa kingine, basi nimekisoma ukubwani, siku nne, na kikanishika. Kama umesahau: Akoko anapoteza mwana vitani Tanganyika, anapoteza mume aliyekuwa chifu, kisha mwana wa pili anakabwa na mfupa wa samaki. Ndipo anajitokeza Otieno, mdogo wa huyo mume, anakalia kiti cha uchifu na kuanza kujishibisha. Nilimchukia huyo shemeji mpaka usingizi ukapaa. Nilimwandikia hoja tano nyuma ya risiti ya supamaketi.

Msaliti akanitumia ujumbe: "Banda la mwisho, upande wa maji. Utaona vitabu mezani."

Sasa, banda la mwisho kwa anayeingilia langoni ni la kushoto. Kwa anayetoka kule magari yanakoegeshwa, ni la kulia. Msaliti ana gari. Mimi nililetwa na tuktuk.

Nikakuta watu kama kumi na watano, umri umesogea kuliko nilivyotarajia, nikafurahi kwamba wazee bado wanasoma. Mezani kulikuwa na kitabu, kile kirefu cheusi chenye mgongo mwekundu. Nikadhani ni cha kunakilia hoja. Walikuwa wanaongea Kijaluo, nami ni mtu wa Kakamega, Kijaluo changu kinaishia kwa muuza omena. Waliponiona wakahamia Kiswahili, kwa heshima tu.

"Karibu, kijana wetu," akasema mwenyekiti, mzee wa kofia. "Umetukuta tumefika mia moja arobaini."

Ukurasa wa 140! Mwezi mzima! Nikaona aibu kwa niaba yao.

"Mimi nimemaliza zote," nikasema.

Kimya.

"Zote zilizobaki?"

"Zote, mzee. Juzi usiku. Nisingelala kabla sijamaliza."

Wakapiga makofi. Jameni, nilipigiwa makofi! Mzee mmoja akainuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, "erokamano, erokamano," na katibu akaniuliza majina yangu yote matatu, akayaandika kwenye kile kitabu cheusi, akayapigia mstari. Nikawaza, kumbe kuna mahali msomaji anathaminiwa hivi. Nikaletewa samaki mzima na ugali. Sikuuliza analipwa na nani.

(Bajeti ilikuwa laki mbili. Toeni wenyewe.)

Hapa twende polepole, maana ndipo Msaliti anaporuka ili afike kwenye choo chake.

"Haya, tuanze na Otieno," akasema mwenyekiti.

Nilikuwa na tonge mkononi. Ningelila lile tonge ningepona. Kabla sijameza, yule mzee wa suti ya kahawia aliyekuwa mkabala nami angekuwa ameshafungua kitabu na kutamka neno "mapato", nami ningejua. Lakini nikalirudisha sahanini, nikapangusa vidole kimoja kimoja, nikatoa risiti yangu, nikanyoosha mkono. Na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa zote, mwenyekiti akasema, "Mpeni mgeni nafasi."

"Kwa Otieno sitauma maneno," nikaanza. "Yule ni mwizi."

Kulikuwa na kijiko kinakoroga chai upande wangu wa kulia. Kikasimama. Mimi nikajua nimewateka.

"Kaka yake hata hajapoa kaburini..."

"Hajazikwa," mtu akasema taratibu.

Nikadhani ni tafsida. Nikamtikisia kichwa kwa kumkubali. "Umenena, ndugu yangu. Mioyoni mwetu hajazikwa. Na mdogo mtu tayari anahesabu mali!"

Kulikuwa na mama wa kitambaa cheusi, amejiegemeza kwenye nguzo, macho amefumba tangu nilipofika. Akayafungua.

"Endelea, mwanangu," akasema.

Nani angeacha? Niambieni nyinyi, umesoma siku nne, una hoja tano, mama anakwambia endelea. Nikasimama kabisa. Nikasema mjane asikae akilia tu. Afunge safari mpaka Kisumu, akamshtaki shemeji yake serikalini.

"Si tuko Kisumu," kijana mmoja akanong'ona.

Nikageukia hoja ya nne, ambayo kusema kweli haikumhusu Otieno, lakini nilikuwa nimechemka. "Na yule mwingine! Mtu mzima, na meno yake yote, anauawa na mfupa wa samaki!" Mzee aliyenishika mkono alikuwa anafyonza kichwa cha ngege. Akakitoa mdomoni, akakitazama, akakilaza pembeni mwa sahani.

Ndipo suti ya kahawia ikainuka. Alikuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa kifua, na alipoinama kusukuma kiti, kifuniko cha moja kikadondokea kwenye mchuzi wangu. Cha buluu. Kikaelea kando ya nyanya. Nakikumbuka kile kifuniko kuliko ninavyokumbuka kitabu.

"Mimi ndiye Otieno," akasema.

Ubongo wangu, wapendwa, ulijaribu njia zote kabla ya kukubali. Nikawaza, labda hili kundi huigiza wahusika. Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu, nikamwambia, "Na suti imekukaa, inamfaa kabisa."

"Kijana. Nani amekueleza mambo ya nyumba yetu?"

"Margaret," nikasema.

"Margaret yupi? Yuko wapi?"

"Alifariki, mzee. 2011."

Mama mmoja akapiga ukemi. Mwingine akafanya ishara ya msalaba. Nami macho yangu yakatua kwenye kile kitabu cheusi: jina langu limepigiwa mstari, mbele yake 60,000, na ukurasa wa pili, kwa mwandiko safi wa katibu: mochari, jeneza, hema, viti, fahali.

Ng'ambo ya ua, hatua ishirini hivi, kulikuwa na banda jingine la mwisho. Watu saba, kila mmoja na kitabu chenye jalada lilelile la kile kilichokuwa mkobani mwangu, wote shingo wamezigeuzia kwetu. Msaliti alikuwa ameinua simu. Wala hakuwa ananipigia.

Yaliyobaki ni machache. Nilitoa kitabu, nikaonyesha jina kwenye jalada, nikaonyesha kurasa, nikaapa kwa mama yangu. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akawatafsiria wazee kwa Kijaluo, na jina la Otieno nililisikia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Elfu sitini ikafutwa, nikatuma elfu mbili. Yule mama wa kitambaa akataka nizitume kwenye simu yake mwenyewe, si ya mweka hazina. Wengine watatu wakasema hata zao ziende huko huko. Nilipokuwa naondoka walikuwa wamerudi ukurasa wa kwanza wa hesabu, mstari kwa mstari, na suti ya kahawia ilikuwa imevuliwa koti.

Kundi langu halisi nililikuta linafunga mikoba. Kitabu hawakukijadili hata dakika moja, walikuwa wananisikiliza mimi. Mwalimu mmoja pale akaniambia hoja yangu ya nne haikuwa na mshiko.

Jana usiku yule mama akanipigia. Mazishi ni Jumamosi, upande wa Bondo, nisikose. Leo asubuhi amenitumia picha ya programu. Saa nne na nusu, baada ya watoto na kabla ya kanisa, kuna majina yangu yote matatu, nimepewa dakika tano, na mbele yake wameandika: "Rafiki wa marehemu."

Tatizo ni kwamba picha imekatika juu, pale penye jina lake. Sasa nitamuulizaje?