Mahindi, maharage na lisini iliyopungua: tubadili mbegu au tubadili sufuria?

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Namba hiyo peke yake haikushtua sana, maana mwaka 2015/16 ilikuwa 34. Kilichoshtua ni ramani. Iringa ilikuwa imevuka nusu ya watoto, na Njombe na Rukwa hazikuwa mbali nayo. Hiyo ndiyo mikoa inayojaza maghala ya nchi. Ukipita barabara ya Mafinga na Makambako msimu wa mavuno, unapishana na malori ya mahindi mpaka unachoka kuyahesabu.

Tangu hapo kila jukwaa limepata mkosaji wake. Mama yuko shambani kutwa na mtoto ameachiwa dada yake wa miaka sita. Baba anauza gunia kabla halijaingia ghalani. Maji si salama, minyoo haiishi, kuhara hakukomi. Yote hayo yana ukweli na sitaki kuyapunguza. Ila ipo shutuma moja isiyosikika majukwaani kwa sababu imejificha ndani ya punje yenyewe, na juu yake wanasayansi wamebishana kwa miaka sitini sasa. Je, tuibadili mbegu ya mahindi ili protini yake iwe bora, au tuiache ilivyo na tubadili kinachoingia nayo sufuriani?

Ubishi huu hauelewi mtu asiyeingia kwenye seli kidogo. Protini zote za mwili, za msuli mpaka za kucha, ni shanga zilizotungwa kwenye uzi. Shanga zenyewe ni asidi amino, nazo ziko za rangi 20. Mtungaji ni ribosomu, chombo kidogo mno ndani ya seli, na oda yake inatoka kwenye DNA ikiwa imenakiliwa kwenye RNA. Ribosomu inasoma herufi tatu tatu, na kila tatu ni jina la shanga moja. Zikisomeka AAA au AAG, inatakiwa shanga iitwayo lisini. Uzi ukiisha kutungwa unajikunja kwa namna yake, na umbo hilo ndilo linaloipa protini kazi: hemoglobini inapata kibindo cha kubebea oksijeni, kimeng'enya kinapata mdomo wa kukatia wanga, kolajeni inasokotwa nyuzi tatu kama kamba ya katani na kuushikilia mfupa.

Molekuli moja ya hemoglobini ina shanga 574, na 44 kati yake ni lisini. Lisini ikipungua, ribosomu haichukui rangi inayoikaribia. Kazi inazorota, na shanga nyingine zilizokwisha andaliwa haziwekwi kabatini zisubiri wiki ijayo. Ini linazivunja, naitrojeni yake inageuzwa kuwa yurea na kutoka na mkojo, mabaki yanachomwa kama kuni. Kati ya rangi 20, tisa mwili wetu hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo. Lisini ni mojawapo, na triptofani pia.

Hapo ndipo hindi linapokwama. Mmea haumwekei akiba mtoto wa binadamu, unauwekea mche wake. Sehemu kubwa ya protini iliyo kwenye wanga mweupe wa punje ni zeini, na zeini karibu haina lisini wala triptofani. Jambo hili si jipya. Mwaka 1914 Thomas Osborne na Lafayette Mendel, huko Connecticut, waliwalisha panya zeini kama protini yao pekee, wakakonda. Walipoongezewa triptofani walishikilia uzito wao. Walipoongezewa na lisini, wakakua.

Nusu karne baadaye, mwaka 1964, Edwin Mertz, Lynn Bates na Oliver Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue walitangaza kwamba mahindi yenye hitilafu katika jeni iitwayo opaque-2 yana lisini karibu maradufu: kutoka asilimia 2 hivi ya protini hadi kukaribia 4. Jeni hiyo ikiwa nzima hutoa protini ambayo kazi yake ni kuziwasha jeni za zeini. Ikiharibika, zeini inapungua na nafasi inachukuliwa na protini nyingine zenye mchanganyiko bora wa shanga. Kiasi cha protini kinabaki kilekile.

Shangwe ilikuwa kubwa, ila haikudumu. Kumbe zeini ndiyo iliyokuwa ikilipa hindi ugumu. Punje mpya zilikuwa laini na zenye vumbi kama chaki, zilichelewa kukauka, zilioza kwenye gunzi, fukusi walizishambulia, na mavuno yalipungua. Wengi waliachana nazo. Waliobaki, hasa Evangelina Villegas na Surinder Vasal katika kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano huko Mexico, CIMMYT, walizichanganya mbegu msimu baada ya msimu huku maabara ikipima kila kizazi, mpaka wakapata hindi gumu lenye lisini ileile. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Ghana ilikwishaanza kutumia aina yake, Obatanpa, tangu 1992, na kwetu kituo cha Selian, Arusha, kilitoa aina zilizopewa jina la Lishe. Niseme hapahapa, kwa kuwa swali hili huulizwa kila mara: mbegu hizi si za kuhamishiwa jeni maabara. Ni uchavushaji wa kawaida.

Wanaoitetea mbegu wana hoja yenye uzito. Huhitaji kumfundisha mama jambo jipya. Anapika uji uleule, kwa maji yaleyale na kuni zilezile, na mtoto anapata lisini zaidi bila yeyote kubadili mazoea. Uchambuzi wa majaribio kadhaa uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba watoto wenye utapiamlo wa kadiri, wanaotegemea mahindi, wakipewa mahindi haya kasi yao ya kuongezeka uzito ilipanda kwa asilimia 12 na ya urefu kwa asilimia 9. Si muujiza, lakini kwa kitu kinachoingia tumboni bila kampeni wala semina, si haba.

Shida inaanza shambani. Hitilafu ya opaque-2 ni ya kujificha: haionekani mpaka punje iirithi kutoka pande zote mbili. Jirani akipanda mahindi ya kawaida, chavua yake inaletwa na upepo na punje zako zinarudia zeini. Mkulima anayejiwekea mbegu mwenyewe, na hao ni wengi, anaweza kuipoteza sifa hiyo katika misimu michache bila kujua, kwa sababu punje bora na ya kawaida zinafanana machoni, kwenye kinu na mdomoni. Kwa sababu hiyohiyo soko halimlipi zaidi. Mnunuzi wa Makambako anaangalia unyevu na uzito wa gunia, haangalii asidi amino. Tunamwomba mkulima alinde kitu asichokiona, kwa faida asiyolipwa. Ningekuwa mimi, ningetafuta mbegu ya mavuno mengi.

Upande wa pili unasema: kwa nini tujisumbue na jeni wakati maharage yapo? Protini ya maharage ina lisini asilimia 6 hivi na zaidi, mara tatu ya hindi. Inachopungukiwa ni methionini, shanga nyingine ya lazima, ambayo hindi linayo ya kutosha. Kila mmoja anajaza pengo la mwenzake, na si lazima wakutane kwenye kijiko kimoja kama tulivyokuwa tukiambiwa zamani. Wakiliwa siku moja inatosha. Mahindi na maharage vyote vilitoka Amerika, na huko kwao vilikuwa vikipandwa pamoja na kuliwa pamoja. Sisi tuliosoma bweni tuliyalaani makande kila Jumatano, kumbe ndiyo yaliyokuwa mlo uliokamilika kuliko wali wa Jumapili.

Hoja hii naipenda, na kwa sababu naipenda nimeichunguza zaidi. Maharage ni ghali kuliko mahindi. Yanachemka kwa saa nyingi, na mkaa una bei yake. Kuyakatisha jikoni mapema si jambo la kupuuza: yana protini zake za ulinzi, moja inanata kwenye ukuta wa utumbo na kuleta matapishi na kuhara, nyingine zinaziba midomo ya vimeng'enya vyetu vya kumeng'enya protini. Moto ndio unaozikunjua zikapoteza umbo, na zikipoteza umbo hazina tena kazi. Kwa hiyo unga wa maharage au soya mbichi uliosagwa na kumwagwa kwenye uji uliochemka dakika kumi si lishe. Halafu yupo mlaji mwenyewe. Udumavu unashika kasi kati ya miezi sita na miaka miwili, na mtoto wa miezi minane hali makande. Anakunywa uji, tena kikombe kidogo.

Na uji wenyewe tumeuharibia jina. Nenda sokoni uulizie unga wa lishe, utaambiwa una nafaka saba: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, shayiri. Ni ndugu saba wenye kasoro moja, kwa maana nafaka zote hizo upungufu wake wa kwanza ni lisini. Karanga, ambazo kila mtu huziongeza kwa moyo mkunjufu, zina mafuta mazuri lakini lisini yake nayo ni ya chini. Kijiko cha dagaa waliosagwa kingefanya kazi kuliko ndugu wote saba.

Lipo pia kundi la tatu, linalowaambia wabishani wote wawili kwamba wamekosea mtuhumiwa: kinachopungua si protini, ni chakula kwa jumla. Lina historia ya kujivunia. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba na kubabuka ngozi, ambao watu wa kabila la Ga waliuita kwashiorkor, ndiyo kwashakoo yetu. Ikaaminika kwamba chanzo ni upungufu wa protini: ini halitengenezi ya kutosha albumini, protini inayosaidia kuzuia maji ndani ya damu, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa, mtoto anavimba. Umoja wa Mataifa ukaunda kikosi cha washauri wa protini mwaka 1955, na fedha zikamwagwa kwenye unga wa samaki na poda za kila namna. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba mambo yote hayo ni fedheha, kwamba watoto wengi walikuwa wamepungukiwa chakula kwa jumla, na penye njaa mwili huchoma hata protini kidogo inayopatikana. Mwaka 1980 Michael Golden na wenzake, kwa kazi yao Jamaica, walionyesha uvimbe ukiondoka kabla albumini haijapanda. Leo mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa, maziwa ya tiba anayoanzishiwa, F-75, yana protini kidogo kwa makusudi.

Nadhani kundi hili lilishinda kesi ya kwashakoo, kisha likajiona limeshinda na kesi ya udumavu, ambayo ni nyingine. Mwaka 2016 Richard Semba na wenzake walipima damu ya watoto 313 wa vijijini Malawi, nchi inayokula mahindi kuliko sisi. Waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote tisa za lazima. Huo ni uhusiano, hauthibitishi chanzo. Utumbo wenye maambukizi ya kila siku nao hunyonya vibaya. Lakini ndani ya seli ipo swichi iitwayo mTOR inayohisi asidi amino, na zikipungua inapunguza ujenzi wa protini na ukuaji wa mfupa. Mtoto anaweza kushiba wanga, akacheza, asivimbe, na bado swichi hiyo ikabaki chini.

Mimi naegemea sufuria. Na kabla ya mbegu mpya ningeanza na mashine ya kukoboa, kwa kuwa sehemu bora ya protini ya hindi iko kwenye kiini, ambacho sembe inakitupa kwa kuku. Dona ina lisini zaidi ya sembe bila jeni yoyote kuguswa. Sharti lake ni mahindi makavu yasiyo na ukungu, maana sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbegu yenye lisini naiona ikifaa sehemu moja: vikundi vinavyolima kwa mkataba na wasagaji wa unga wa watoto, mashamba yametengwa na ya jirani, mbegu inanunuliwa upya, na gunia linapimwa na kulipwa kwa sifa yake. Hapo upepo hauwaharibii na soko haliwapuuzi. Nje ya mpango wa namna hiyo, ile mbegu niliyoisifu itakuwa mahindi ya kawaida kabla mtoto wa mkulima hajaanza darasa la kwanza.